Yai Ndani ya Waya

Nyasura, Bunda
9 Januari 1955

Kwa Shangazi Mwanaupe,

Shikamoo Shangazi. Ni mimi Siwema, mtoto wa kaka yako marehemu Hamduni, kama jina umelisahau. Sisi hapa hatujambo. Yunusu mume wangu bado anatengeneza baiskeli pale karibu na maduka, na mgongo unamsumbua kwa kuinama. Mtoto ana miezi saba. Meno mawili ya chini yametoka na anauma kila kitu, hata mimi mwenyewe nikimnyonyesha. Akiona mwanga unacheza kwenye kijiko anacheka peke yake. Hukuuliza, lakini nakuandikia.

Naomba nisizunguke. Pastory, dereva wa gari la Musoma, ameniambia kwamba Idi ikifika utampa Masatu koleo la babu, pamoja na meza ya barazani na kazi yote. Huyo Masatu simfahamu. Nasikia ni mtu mzima wa Kiriba, ana mke, aliacha nyavu akaja kukukatia waya. Sina ubaya naye. Lakini aliyekuwa anavisha mawe waya wa shaba mpaka wake wa Wazungu wa bomani wanakuja kukaa barazani kumsubiri ni babu yangu mimi. Nataka unifundishe kabla hujalitoa hilo koleo. Yunusu akilala chini na huo mgongo wake, mimi sina kazi nyingine ya mikono, na mtoto anakula.

Nimeshaanza mwenyewe. Yunusu alipata dinamo iliyokufa, tukaifungua tukatoa waya. Mawe ninayo, yale meupe ambayo mama alikuwaga anaokota kwao Butiama. Ameniachia kopo zima. Moja nimelifunga, limo humu ndani ya bahasha, ulitazame.

Halafu kuna neno linanikaa kooni. Mama alipofariki mwaka jana tulikuletea habari siku ile ile. Watu wa Nyamuswa walikuja Butiama kwa miguu. Wewe gari linapita karibu na mlango wako, na hukuja kumzika. Kwa nini?

Mtoto anakusalimu kwa kelele.

Mimi Siwema


Musoma
2 Februari 1955

Siwema,

Barua yako imefika. Sijambo. Mvua hakuna, sato wamekuwa ghali, na jirani yangu Florian amejenga choo kikaegemea ukuta wangu, kwa hiyo hatusemezani. Ndizo habari za hapa. Na wewe pia hukuziuliza.

Kidani chako nimekiona. Nilipofungua bahasha, jiwe lilikuwa upande huu na waya upande ule, kama watu waliokwisha kuachana kwa kadhi. Nikamwita Masatu aje atazame. Akakigeuza, akakigeuza, akasema, "Mama, labda ni mtego wa panya." Tukacheka mpaka chai ikapoa.

Waya bado una rangi ya dinamo! Unajiita mjukuu wa fundi na hujui kwamba waya hupitishwa motoni mpaka uwe mwekundu, ukatiwa majini, ndipo unalainika na kukutii? Umeupinda ungali mgumu, kama mtu anayefunga zizi la ng'ombe. Aibu yako.

Tena nimeona jambo. Barua nzima unaandika "mtoto, mtoto." Jina huliandiki. Unaogopa wino? Basi nitaliandika mimi. Umemwita Nyamburi. Katika ukoo wetu, mwanamke akizaa binti wa kwanza humpa jina la shangazi yake, na shangazi huyo ndiye somo wa mtoto mpaka kufa. Hivyo ndivyo nilivyopata jina langu, na aliyenitangulia alipata hivyo hivyo. Mimi sina mtoto. Ulijua kwamba jina langu halina mahali pengine pa kwenda. Ukaenda ukachukua la mama yako, la huko milimani. Halafu unaniomba koleo.

Sasa sikiliza. Marehemu babu yako hakumpa mtu koleo mpaka amfungie yai. Yai bichi la kuku wa nyumbani kwako, si la kununua. Livishwe waya kama jiwe linavyovishwa, litundikwe kwa kitanzi chake ndani ya kikapu, lisafiri kwa gari. Hakuna pamba, hakuna majani, hakuna kitambaa. Likifika zima, halijavunjika na halijachomoka, nitajua kuna fundi huko Bunda. Masatu analo la kwake, ameshalipeleka Kiriba na kulirudisha.

Una mpaka Idi. Najua hutaweza, ndiyo maana nimekuambia.

Mwanaupe


Nyasura, Bunda
13 Februari 1955

Shikamoo Shangazi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia na Yunusu akasema niitie jikoni. Mara ya pili nilikuwa nanyonyesha, mkono mmoja umeshika karatasi, nikaona kitu. Humo ndani ya matusi umenifundisha kuchoma waya. Asante. Nimeuchoma, na kweli umelainika kama utambi.

Nyamburi. Umeona, ninaandika. Nyamburi, Nyamburi, Nyamburi. Wino haujaisha. Mama ndiye aliyempokea huyu mtoto kwa mikono yake akamwosha. Miezi miwili baadaye akafa. Wewe katika miezi ile hukuleta hata kanga ya kumbebea. Sasa unataka jina. Jina la nini, Shangazi? La barua?

Nimekufungia yai kama ulivyosema. Nilikata nyaya nne, nikazifunga pamoja katikati, nikazifungua kama vidole, yai likakaa kiganjani. Halafu vidole nikavikutanisha juu, nikafunga shingo, nikakaza kwa nguvu zangu zote lisichomoke. Pastory amelichukua leo kwa shingo upande. Anasema, "Mama Nyamburi, mimi ni dereva, siyo kuku."

Mtoto ameanza kukaa bila kushikwa. Akianguka anajitazama kama ni mtu mwingine aliyeanguka.

Kuhusu mazishi hukunijibu.

Siwema


Musoma
20 Machi 1955

Siwema,

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na haraka. Mvua imeanza na paa langu linavuja mahali pawili.

Ulichotuma kimefika kikiwa ute. Pastory alikitoa kwenye gari akiwa amekishikia mbali na kanzu yake, mistari mitatu ya barua yako sikuisoma kwa sababu ya kiini, na paka wa Florian sasa haondoki mlangoni pangu. Umenipatia paka.

Eti umekaza kwa nguvu zako zote! Nani alikuambia yai hukazwa? Wewe unafunga mzigo wa kuni? Waya haukazwi kwenye yai, wala kwenye jiwe. Waya hukazwa kwenye waya mwenzake. Kitu cha katikati huachiwa nafasi ya kupumua, unene wa ukucha, kisha waya mwembamba unapita juu na chini ya zile nyaya nne na kuzishika zisipanuke. Ningekuwa na mwanafunzi mwenye akili ningemweleza. Wewe sikuelezi.

Usiniulize tena habari za mazishi. Nilikuwa na kazi.

Umesema sikuleta kanga. Kanga ilinunuliwa. Ipo kwenye sanduku. Nilipoambiwa jina nikaona haina wa kuivaa.

Mwanaupe


Nyasura, Bunda
8 Mei 1955

Shikamoo Shangazi, na kheri ya mfungo.

Mimi sifungi kwa sababu nanyonyesha, lakini Yunusu amefunga, na jioni anakula kama amerudi vitani. Mgongo umezidi. Wiki iliyopita hakufungua kazi siku tatu. Nyamburi anatambaa. Anatambaa kinyumenyume, akikusudia kuja kwangu anajikuta mlangoni, halafu analia kama mimi ndiye niliyemfukuza.

Yai la pili nililotuma Aprili ulinirudishia kikapu na karatasi yenye neno moja, "Limechomoka." Hilo neno moja liliniuma kuliko barua zote. Matusi nimeyazoea, tena nayasubiri, kwa sababu kila ukinitukana unasahau na kunifundisha. Safari ile ulinifunga mdomo.

Sasa nakuambia nilichofanya. Nilimwaga kopo la mama nichague mawe, nione kama jiwe litanifundisha yai. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, nikakuta kitu cha waya. Kimekuwa cheusi kwa miaka. Kina ukubwa wa yai na hakina kitu ndani ila vipande viwili vya ganda. Shingo yake haijafunguliwa hata kidogo. Nyaya nne, na waya mwembamba unapita juu na chini, juu na chini, mara tisa. Nimehesabu. Nafasi yake unaingia ukucha.

Shangazi, kitu hiki nani alikifunga? Mama alikuwaga analima mtama na kuuza maziwa. Sijapata kumwona ameshika waya ila wa kuanikia nguo.

Nimekiweka mbele yangu nikakifuatisha siku sita. Shida ilikuwa yai. Kuku wangu ni mmoja na ameshaanza kulalia mayai. Jirani yangu Boke alitaka kunipa la kwake, nikakataa kwa sababu ulisema la nyumbani kwangu. Nikapeleka mkono chini ya kuku, nikadonolewa, nikakuta moja limebiringika pembeni, nadhani ni viza. Zito kidogo. Nimelifunga hilo. Pastory amekubali kukiweka kikapu karibu na injini, pasiporushwa sana. Amesema hii ndiyo mara ya mwisho, hata nikimfungia yai la mbuni.

Idi imebaki wiki mbili. Sina yai lingine wala siku nyingine. Kama nimeshindwa, mpe Masatu, na mimi sitakuandikia tena.

Na mwandiko wako. Ule wa Februari ulikuwa mdogo, umenyooka. Wa Machi maneno matatu yanajaza mstari. Unaumwa?

Siwema


Musoma
29 Mei 1955

Siwema,

Umeniaibisha nyumbani kwangu, tena ndani ya Ramadhani. Naomba usome mpaka mwisho bila kulia, na usimpe Yunusu aitie jikoni.

Kikapu kilifika Jumatatu. Nilifungua nikilitafutia kosa. Nililigeuza upande wa dirisha, nikaligeuza upande wa mlango, nikalitikisa sikioni. Kosa sikuliona. Nikalitundika kwenye msumari, kando ya koleo, nikasema nitaliona kesho nikiwa nimekula daku.

Kulipokucha nikasikia mtu analia chumbani. Mimi naishi peke yangu. Nikatazama chini ya kitanda, nikatazama nyuma ya sanduku. Kumbe ni yai! Mdomo umetoka kati ya waya na waya, unapiga kelele kama karani wa mnada. Umenitumia yai lenye kifaranga, Siwema. Mtoto wa kaka yangu hajui viza ni lipi na zima ni lipi.

Ganda likavunjika, likadondoka. Waya haukuachia. Kifaranga yumo ndani, amelowa, miguu imekunjwa, kichwa nje, kama mahabusu. Nikashika koleo nimfungue. Nimefungua waya tangu nikiwa msichana, wa kwangu na wa watu. Vidole havikukunja. Hapo umepata jibu la mwandiko. Vilianza kukaza Desemba, na tangu Machi havikunji, vya kulia vyote na viwili vya kushoto. Masatu anafunga, mimi nakaa barazani natukana, na wateja wanadhani kazi ni yangu.

Masatu alikuwa Kiriba. Kifaranga alikuwa anachoka. Nikajaribu kwa meno, nimefunga saumu, nikaonja shaba, sijui hata kama saumu ile inahesabiwa. Mwisho nikatoka, nikaenda kwa Florian mwenye choo. Nikasimama mlangoni pake nikasema, "Jirani, njoo unifungulie yai." Nusura amwite mganga. Akaja na koleo lake la kung'olea misumari, akavuta, akavuta, akasema, "Mama, hiki nani kafunga, polisi?" Waya haukufunguka mpaka nilipomwonyesha akate shingoni. Nyaya nne zikafunguka kama mkono, kifaranga akaanguka kwenye kanga yangu.

Sasa nakujibu ulilouliza mara mbili. Nitaandika mara moja tu.

Chombo ulichokikuta kwenye kopo la mama yako kilifungwa na mama yako. Mwaka ule alipoolewa na Hamduni, babu yako alitupa mayai sisi wawili, mimi binti yake na yeye mkwe wake. Yalisafiri kwa punda kutoka Butiama mpaka hapa. La kwangu lilifika ute, kama la kwako la kwanza, na kosa lilikuwa lile lile. Nilikaza. La mama yako lilifika zima. Babu yako akamnyooshea koleo mbele ya watu wote wa barazani. Na mama yako akasema, "Mpe binti yako, Baba. Mimi nina mume, yeye hana." Alisema kwa upole. Angenipiga kibao ningemsamehe siku ile ile. Nikalipokea. Miaka ishirini na mbili nimefanya kazi kwa koleo nililohurumiwa, na yeye hakushika waya tena, ili watu wasilinganishe. Hilo nalo nilimchukia.

Alipofariki nilipanda gari. Nililipa nauli ya Butiama na ile kanga nilikuwa nayo kwapani. Gari likasimama. Nikawaona wanawake wanakwenda na vyungu vichwani, nikamwona hata Boke jirani yako. Sikuteremka. Utingo akaita, "Butiama, Butiama, mama si umesema Butiama?" Nikamwambia twende. Nikafika Nyamuswa, nikakaa kwenye gogo mpaka gari la kurudi, likapita pale pale, sikuteremka tena. Sikutaka watu wanione namlilia mtu niliyemtukana tangu nilipomjua. Ndiyo kazi niliyokuwa nayo.

Idi imepita. Masatu nimemwambia koleo limepata mwenyewe. Akakata waya mfupi kuliko kipimo, nikajua limemuuma. Kisha akasema atabaki kukata waya, maana kwa vyovyote bosi mpya hawezi kutukana kuliko huyu.

Usidhani nimekupenda. Waya wako wa shingo umeuzungusha mara sita, ilitosha nne, unaharibu mali. Na jina sijalisamehe. Kifaranga yupo, ananifuata mpaka msalani, na kwa kuwa wewe ulikataa, nimempa yeye. Anaitwa Mwanaupe.

Koleo nitampa Pastory akuletee.

Shangazi yako


Nyasura, Bunda
2 Juni 1955

Shikamoo Shangazi.

Nimeisoma mpaka mwisho. Nimelia, hukunikataza vya kutosha. Yunusu naye ameisoma, akatoka nje kukaza tairi ambalo halikuwa limelegea.

Koleo usimpe Pastory. Usimpe mtu. Liache msumarini. Mama alilikataa kwa kukuhurumia wewe, na wewe usiniletee mimi kwa kunihurumia. Nataka nilitoe mwenyewe, Masatu akiona, na huyo Florian akiona, halafu nikae kwenye meza nifunge jiwe la Butiama mbele yako, na wewe utukane ninapokosea. Vidole ni vyangu, mdomo ni wako. Kazi itakwenda.

Jina la mtoto halibadiliki. Akija mdogo wake wa kike, tutazungumza. Na kwa huyo kifaranga umefanya haraka, Shangazi, kama mimi nilivyofanya haraka na viza. Nimeuliza kwa Boke. Anasema kwa sauti uliyoieleza, huyo ni jogoo.

Ile kanga itoe sandukuni uianike, isije ikawa imeliwa na nondo. Nyamburi sasa anatambaa kwenda mbele.

Tunakuja na gari la Jumatano. Likisimama, mimi nitateremka.

Siwema